Dayati imeisha, mzani hautulii: kutafuta kalori za kubaki palepale

Kuhusu kupunguza kilo, washauri hawana idadi. Acha ugali, kunywa maji ya ndimu, panda ngazi, funga mpaka saa saba mchana. Ukishafika ulikokuwa unakwenda, wote kimya. Mimi nilitoka kilo 84 hadi 71 kwa miezi minane, na asubuhi ile mzani uliposoma 71 nilisimama juu yake kama abiria aliyeshushwa kituo asichokijua. Leo nile nini? Nikiendelea na chakula cha dayati nitazidi kukauka. Nikirudia sahani ya zamani nitarudi kwenye 84, na magauni ya 84 nilishagawa.

Ilinichukua karibu miezi mitano kuipata namba yangu, na sehemu kubwa ya miezi hiyo nilikuwa napigana na matatizo ambayo hayakuwepo. Ndiyo maana nimepanga mambo haya kwa malalamiko, jinsi watu wanavyoyasema. Tafuta lako, soma hapo. Ila sehemu inayofuata isome hata kama una haraka, maana mengine yote yanaiegemea.

Kalori ninazozitaja ni zile zinazoandikwa kcal kwenye pakiti. Na kama ni mjamzito, unanyonyesha, hujafika miaka 18, unatumia insulini au vidonge vya kisukari, au umewahi kuugua ugonjwa wa kujinyima chakula au kujitapisha, usizifanye hesabu hizi peke yako. Nenda nazo kwa daktari au mtaalamu wa lishe.

Namba ya kuanzia

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni fomula. Programu nyingi za simu zinatumia ile ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990. Kwa mwanamke: kilo mara 10, jumlisha sentimita za urefu mara 6.25, toa umri mara 5, kisha toa 161. Kwa mwanamume ni vilevile, ila mwisho anajumlisha 5 badala ya kutoa 161. Mimi nina kilo 71, sentimita 163 na miaka 41, kwa hiyo napata 1,363. Hizo ni kalori za kulala kitandani siku nzima. Unazidisha kwa kiasi cha shughuli zako, 1.4 hivi kwa mtu wa kukaa ofisini kama mimi, 1.6 na zaidi kwa anayeshinda amesimama na kubeba. Nikazidisha kwa 1.4, nikapata kama 1,900.

Njia ya pili ni daftari lako la wiki nne za mwisho za dayati. Yangu ilionyesha nakula 1,500 kwa siku na nimepungua kilo 1.2 katika siku 28. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori 7,700 hivi. Kwa hiyo 1.2 mara 7,700, gawa kwa 28, ni 330. Hizo ndizo nilizokuwa nazikosa kila siku. Ukizirudisha juu ya 1,500 unapata 1,830.

Zote mbili ni makisio, lakini ya pili naiamini zaidi kwa sababu makosa yangu ya kuhesabu yamo ndani yake tayari. Kama wiki zote zile nilikuwa nasahau kuandika kalori 200 kila siku, basi 1,830 yangu kwa kweli ni 2,030, na haidhuru, mradi niendelee kusahau vilevile. Namba hii ni ya daftari lako na mkono wako, yaani jinsi unavyopima na kuandika. Mkono ukibadilika, namba inapoteza maana, na matatizo mengi yanatokea huko.

Nikachagua 1,850. Kuna wanaoshauri kuongeza kalori 50 tu kila wiki, eti mwili uzoee taratibu. Mimi sioni faida yake: ni kuongeza wiki saba za njaa juu ya miezi minane. Niliruka kutoka 1,500 hadi 1,850 Jumatatu moja. Ukiona woga unakushika, gawa mara mbili.

Sasa mzani. Jipime kila asubuhi ukitoka chooni, kabla ya chai, bila nguo au na kanga ileile. Mzani ukae sakafuni pagumu, siyo juu ya zulia. Andika. Jumapili jumlisha siku saba, gawa kwa saba. Wastani huo ndio uzito wako. Namba ya siku moja usiisome peke yake, kama usivyosoma barua kwa neno moja. Asiye na mzani nyumbani anaweza kumtegemea kijana wa mzani pale stendi au ule wa duka la dawa, lakini iwe mzani uleule, siku ileile ya wiki, saa ileile, nguo za uzito uleule, viatu pembeni. Na huyo ahesabu kwa miezi, siyo kwa wiki.

"Wiki moja tu, kilo moja na nusu imerudi!"

Lalamiko hili ndilo linalowarudisha wengi kwenye dayati siku ya tano, nalo ndilo lisilo na tatizo lolote.

Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli kwa umbo la glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hukaa na maji ya gramu 3 hivi. Mtu mzima akila vizuri hubeba glaikojeni ya gramu 400 hadi 500. Ukiwa kwenye dayati, hasa ya kukata wanga, ghala hilo liko nusu. Unaporudisha wali na viazi linajaa: glaikojeni gramu 300, maji gramu 900, tayari ni kilo moja na gramu mia mbili, na hapo hakuna chembe ya mafuta. Ongeza chumvi ya mchuzi, nayo inashika maji. Ongeza chakula chenyewe, maana sahani kubwa ina uzito wake mpaka itoke.

Ukiwa na wasiwasi, fanya hesabu. Ili upate kilo moja na nusu ya mafuta halisi kwa wiki moja lazima uwe umezidisha kalori 11,550, yaani 1,650 kila siku juu ya zile za kubaki palepale. Mimi nilikuwa nimeongeza 350, tena za kufikia pale palepale. Hizo 1,650 ningezila wapi?

Cha kufanya: usifanye kitu kwa wiki mbili. Endelea na namba yako, endelea kuandika. Wastani wa wiki ya tatu ndio uzito wako wa kweli wa kuanzia. Wangu ulikuwa 72.2, na nikaacha kuiota 71, kwa sababu 71 ulikuwa uzito wa ghala tupu. Kama unahitaji ushahidi mwingine, chukua futikamba ya fundi cherehani upime kiuno usawa wa kitovu mara moja kwa wiki. Kilo imepanda na kiuno kipo palepale? Ni maji.

Kwa wanawake kuna jambo la ziada. Siku chache kabla ya hedhi mwili unashika maji, na kilo moja au zaidi inaweza kujitokeza na kuondoka yenyewe. Linganisha wiki hii na wiki kama hii ya mwezi uliopita, siyo na wiki iliyopita.

"Nahesabu kila kitu, lakini napanda polepole"

Hapa sasa kuna tatizo. Wastani wa wiki ya tatu, ya nne, ya tano, kila mmoja unauzidi mwenzake kidogo. Mimi nilipanda gramu 600 mwezi mmoja na 600 tena mwezi uliofuata, mpaka 73.4, na daftari linasema 1,850 bila kukosa. Nikaanza kuamini yale maneno kwamba dayati imeniharibia mwili.

Kumbe ni chupa ya mafuta. Wakati wa dayati nilikuwa najipikia kwenye kikaango changu kidogo na mafuta napima kwa kijiko. Dayati ilipoisha nikarudi kwenye sufuria ya nyumba. Anapika binti anayetusaidia, nami kwenye daftari naendelea kuandika mchicha, mafuta kijiko kimoja, kwa sufuria nzima. Jioni moja, kabla hajaingia jikoni, nilichora mstari wa kalamu kwenye chupa usawa wa mafuta, nikaenda sebuleni nisimtie wasiwasi. Alipomaliza nikachukua bomba la sindano la mililita 10 tulilokuwa tunampia mtoto dawa, nikarudishia mafuta mpaka kwenye mstari. Mabomba tisa.

Mililita 90 za mafuta ni gramu 83 hivi, na kila gramu ina kalori 9. Sufuria ile ilikuwa na kalori karibu 745 za mafuta peke yake. Tulikuwa wanne mezani, kwa hiyo fungu langu ni 186, na mimi nilikuwa nimejiandikia 30. Pengo la kalori 156 kila usiku. Kwa siku 30 ni 4,680. Gawa kwa 7,700, ndizo zile gramu 600 zangu, karibu bila kupungua wala kuzidi.

Sikumwambia apunguze mafuta. Mchicha ule watoto wanaula kwa sababu ya hayo mafuta. Nilibadilisha daftari, nikapunguza ugali wa usiku kama gramu 130, na mwezi uliofuata mstari wa uzito ukalala.

Baada ya hapo nikaukagua mkono wangu wote, na haya ndiyo niliyoyakuta. Ugali: watu wanauandika kwa sahani, lakini sahani haisemi kitu, kwa sababu ugali ni unga na maji na kila mpishi ana maji yake. Pima unga mkavu, pima na ugali wote ukiiva. Unga wa sembe una kalori 360 hivi kwa gramu 100. Gramu 500 za unga ni 1,800. Ugali ukitoka na kilo moja na nusu, basi kila gramu 100 yake ina kalori 120. Ukishafanya hivyo mara mbili tatu na mpishi yuleyule huhitaji tena kupima. Wali wa nazi: tui zito lina kalori zaidi ya 200 kwa mililita 100, na anayeandika wali mweupe anajidanganya. Chai: kijiko cha chai cha sukari kina kalori 16, kidogo tu, lakini vikombe vinne vya vijiko vitatu ni karibu 200. Karanga za kutafuna njiani: gramu 30, kiasi cha konzi moja, zina kama 170. Na kuonja. Anayepika huonja mara sita kabla hajala, na mabaki ya mtoto hayaandikwi na mtu yeyote.

Usione aibu, hili ni la wote. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani waliwapima watu waliosema hawapungui hata wakila kalori chini ya 1,200 kwa siku. Miili yao ilikuwa inachoma kalori kama kawaida. Kalori walizoripoti zilikuwa pungufu kwa wastani wa asilimia 47 ya walizokula kweli, na mazoezi walikuwa wameyakuza kwa asilimia 51. Hawakuwa waongo. Mkono wa mtu ndivyo ulivyo.

Ukikagua mkono na usione kosa, basi namba yenyewe iko juu. Punguza 100 au 150, kaa wiki mbili, soma wastani. Usishushe 500 kwa hasira, kwa sababu hiyo itakuwa dayati nyingine.

"Jumatatu nimepanda, Ijumaa nimeshuka"

Ikiwa kufikia Alhamisi umerudi ulikokuwa, ni chumvi na maji ya nyama choma. Usihangaike.

Ikiwa kila Jumatatu inaizidi Jumatatu iliyopita, hesabu wikendi. Siku tano za 1,850 na siku mbili za 2,900 zinaacha ziada ya 2,100 kwa wiki, ambayo ni zaidi ya robo kilo. Kufika 2,900 si kazi kubwa: sendoff Ijumaa, harusi Jumamosi, pilau na soda. Soda ya mililita 300 ina kalori 125 hivi, bia ya nusu lita karibu 200, na bia tatu huvuta mishikaki ambayo hakuna aliyeiagiza. Namba ya kubaki palepale ni ya wiki, kwa hiyo nakula 1,700 siku za kazi, nazo zinanipa 750 za kuchezea Jumamosi. Hazitoshi sherehe nzima. Zinatosha sahani moja ya heshima na kipande cha keki.

"Uzito umetulia, ila njaa haiishi"

Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo ambalo watu wengi hulitafsiri vibaya. Wanaona njaa wanasema namba iko chini. Siyo lazima. Kama wastani wa wiki sita haujasogea, namba ni sahihi, na njaa inatoka kwingine.

Inatoka kwenye homoni. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha vipimo vya watu 50 waliopunguzwa uzito. Mwaka mmoja baadaye leptini, ambayo huuambia ubongo kwamba akiba ipo, bado ilikuwa chini, na grelini, ambayo huita chakula, bado ilikuwa juu. Utafiti mwingine wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kila kilo unayopoteza hushusha matumizi ya mwili kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, lakini huvuta hamu ya kula juu kwa karibu 100. Soma tena sentensi hiyo. Kwa kilo zangu 13, mwili unatumia kalori 260 hadi 390 pungufu ya zamani, na hilo si kuharibika, ni mwili mdogo wenye tahadhari. Kinachonisumbua hasa ni hamu, na hamu inazidi upungufu huo mara tatu hadi tano.

Kwa hiyo usiongeze namba. Panga upya kilichomo ndani yake. Protini ndiyo inayokaa tumboni: dagaa, mayai, maharage, samaki, mtindi. Mboga nyingi zenye maji. Maharage yawe mengi kuliko wali, siyo kinyume chake. Kisha angalia saa. Mimi njaa yangu inakuja saa kumi alasiri, na nilikuwa nimezimaliza kalori kwenye chapati za asubuhi. Nikahamisha 250 kutoka asubuhi kwenda saa kumi, yai la kuchemsha na ndizi na chai ya maziwa, na ile vita ya saa moja usiku mbele ya jokofu ikapungua. Haikuisha. Kulala saa tano badala ya saa saba usiku kulisaidia kuliko nilivyotarajia.

"Bado napungua"

Mara nyingi ni woga. Umeandika 1,850 na unakula 1,600, ukiacha nafasi kidogo kwa usalama. Kagua mkono, na kama ni kweli unakula namba yote, ongeza 100 au 150 kila baada ya wiki mbili mpaka mstari ulale. Mafuta kidogo, parachichi nusu, konzi ya karanga: hizi sasa ni rafiki zako.

Ila kama unakula vizuri na bado unashuka, acha hesabu uende hospitali. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, homa zisizoisha, kiu na kukojoa kila saa, moyo kwenda mbio, kuharisha kusikokoma: hizi si dalili za dayati iliyofanikiwa. Kifua kikuu, kisukari, VVU na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi vyote hupunguza mwili, na mtu aliyekuwa anataka kupungua ndiye wa mwisho kushtuka.

"Uzito umetulia, lakini nasikia baridi, nywele zinatoka"

Mzani unaweza kutulia kwenye namba ya chini kwa sababu mwili umebana matumizi. Unachoka, unasikia baridi wakati wenzako wanajipepea, mazoezi yamekuwa mazito, hamu ya tendo la ndoa imepotea. Ongeza 200 kwa wiki tatu uone. Ukikuta nguvu zimerudi na uzito haujasogea zaidi ya kilo moja ya mwanzo, ulikuwa unajinyima bure. Nywele zinazotoka kwa wingi miezi miwili mitatu baada ya kupungua haraka kwa kawaida huota tena. Hedhi ikikosekana miezi mitatu nenda kwa daktari, na uchovu wenye baridi pamoja na uzito unaopanda nao upimwe, kwa sababu tezi ya shingo ikilegea inafanana sana na haya.

"Saa yangu inasema nimechoma 600, nikazila, nikanenepa"

Usizile. Saa ya mkononi inakisia, na kalori nyingi inazokuhesabia ungezitumia hata ungekaa. Kuna jambo zuri la kukumbuka hapa, nalo limetoka kwetu. Mtafiti wa Marekani Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadza wanaowinda na kuchimba mizizi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Watu wale wanatembea kila siku kuliko mfanyakazi yeyote wa ofisini, lakini ukizingatia ukubwa wa miili, kalori walizotumia kwa siku nzima hazikuwa tofauti na za Wamarekani na Wazungu wa Ulaya. Mwili ukitumia huku hubana kule. Mazoezi yafanye, yanalinda misuli na moyo, na wengi waliofaulu kutorudisha kilo wanatembea sana. Ila kwenye daftari yahesabu mara moja tu, ndani ya ile 1.4 au 1.6, basi.

"Watu wanasema nimekonda, wananilisha"

Fomula hailijui hili. Kwetu mwili uliopungua ni habari mbaya mpaka ithibitike vinginevyo. Nilipokwenda kumsalimia shangazi Tanga, hata shikamoo sikuimaliza vizuri.

"Marahaba mwanangu. Mbona umepukutika hivi? Unaumwa?"

"Hapana shangazi, nimepunguza tu."

"Umepunguza nini, nawe hukuwa mnene! Mume anakusumbua?"

Na sahani ikaja, wali wa nazi umepanda kama kichuguu, samaki wa kupaka juu yake. Kukataa ni tusi. Nilikaa siku nne, nikarudi na kilo mbili, na nikajifunza utaratibu. Sahani ya kwanza ile kwa furaha, sifia, omba uipakue mwenyewe kabla hujapakuliwa ili mkono wa upawa uwe wako. Ya pili sema, "Shangazi, nifungie niende nayo." Anayefungiwa hajakataa. Siku hizo usiziandike kabisa. Rudi kwenye namba yako siku unayorudi nyumbani, subiri siku kumi, ndipo usome wastani. Zile kilo mbili zangu ziliondoka zenyewe isipokuwa gramu 300.

Usiadhibu mwili kwa kufunga siku mbili baada ya safari. Nimefanya hivyo mara moja, na siku ya tatu nilikula kama niliyetoka jela.

"Namba ilikuwa inafanya kazi, sasa haifanyi"

Kabla hujailaumu, uliza nini kimebadilika miezi miwili iliyopita. Dawa mpya? Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, dawa za jamii ya steroidi na baadhi ya dawa za msongo wa mawazo zinaweza kupandisha uzito. Zungumza na aliyekuandikia, usiache mwenyewe. Mpishi mpya? Rudi kwenye chupa na bomba la sindano. Ramadhani? Futari na daku vina mkono wao, na wastani wa mwezi ule usiulinganishe na wa Shaaban. Kazi mpya?

Kwangu ni usafiri. Nilikuwa natembea kutoka stendi hadi ofisini dakika 25, kwenda na kurudi. Tangu mwenzangu wa ofisini aanze kunipa lifti mpaka mlangoni, mstari umeinua kichwa tena, kidogo tu. Sijagusa chakula. Nimeanza upya wiki mbili za kuandika kila kitu, nikipima kama siku ya kwanza. Wastani wa wiki ya kwanza ninao, na wa pili naupata Jumapili.